Hao wa Kufa Tu? Hatari ya Askari wa Miguu katika Filamu za Anga za Juu

Katika banda la video nililozoea kwenda utotoni, lenye mabenchi ya mbao na pazia zito mlangoni la kuzuia mwanga, palikuwa na mzee mmoja ambaye kila kundi la askari wa adui lilipojitokeza kwenye kioo alitamka maneno yale yale: "Hao wa kufa tu." Alikuwa akitupa taarifa sisi watoto, kama mtu anayekuambia kwamba mvua inakuja uanue nguo, na wala hakuwahi kukosea. Steringi alifyatua, nao wakaanguka kama maembe yaliyoiva. Kisha tukakaa kimya kumngoja bosi wao, kwa sababu sote tulijua kwamba hatari ya kweli iko kwake. Maneno ya mzee yule hunirudia kila ninapotazama filamu za anga za juu, maana ndani yake mna swali zito la ufundi wa kusimulia. Ikiwa mtazamaji anajua mapema kwamba askari wa miguu wa adui ameletwa ili afe, je, askari huyo anaweza kumtisha mtu yeyote? Na ikiwa hamtishi yeyote, ujasiri wa steringi tunaupima kwa kipimo gani?

Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa wale askari wenye deraya nyeupe wanaoitwa Stormtrooper, waliotokea mara ya kwanza mwaka 1977 katika filamu ya Star Wars iliyoandikwa na kuongozwa na George Lucas. Jina lenyewe limeazimwa kutoka kwa askari wa Ujerumani wa Vita vya Kwanza vya Dunia, waliofunzwa kupenya mahandaki ya adui kwa ghafla na kwa kasi, na bunduki wanazobeba zilitengenezwa kwa kuibadilisha umbo Sterling, bunduki halisi ya jeshi la Uingereza. Walioanza kuwabuni askari hawa, basi, walichukua vitu vilivyokwisha kuogopwa duniani. Hata hivyo sifa iliyowafuata kwa karibu nusu karne ni ya kutojua kulenga, na imeenea kiasi kwamba hata mtu asiyewahi kuitazama filamu yenyewe huenda ameisikia. Nadhani sifa hiyo haiwatendei haki, angalau katika filamu ile ya kwanza, na nadhani imetokana na kipimo kibovu. Tumezoea kuipima hatari ya askari kwa shabaha yake, ilhali hadithi huipima kwa kile ambacho askari huyo anamgharimu shujaa.

Tuanze na dakika za mwanzo za filamu ile. Chombo kidogo cha waasi kimenaswa na kumezwa na chombo kikubwa cha Himaya, dola katili ambayo askari weupe wanaitumikia. Katika ujia mweupe, wanajeshi wa waasi wamejipanga, wengine wamepiga magoti, bunduki zote zikielekea mlango uliofungwa. Kamera inatulia kwenye nyuso zao. Wanainua macho na kusikiliza vishindo vilivyo juu yao, na mtu anaweza kuona jinsi wanavyojikaza wasionyeshe woga. Kisha cheche zinatambaa kwenye kingo za mlango, mlango unalipuka, na ndani ya moshi anatokea askari mweupe. Wa mbele anapigwa na kuanguka. Walio nyuma yake hawasiti. Wanampita mwenzao aliyelala chini na kuendelea kufyatua, na baada ya muda mfupi wanaokimbia ni waasi. Darth Vader, bosi wao, anapotokea kwa mara ya kwanza kabisa, anaingia katika ujia uliokwisha kutekwa, akipita katikati ya maiti. Kazi yote imefanywa na askari wa miguu kabla ya bosi kufika, jambo ambalo mzee wetu wa banda la video asingelitarajia.

Baadaye kidogo, jangwani, mzee Obi-Wan Kenobi, mpiganaji wa zamani wa kundi la Jedi, anaikagua gari kubwa ya wachuuzi waliouawa, na kutokana na alama za risasi anatambua kwamba waliofanya hivyo si wakazi wa jangwa. Ni askari wa Himaya, kwa kuwa wao pekee ndio wenye shabaha kamili kiasi kile. Luke Skywalker, kijana ambaye ndiye steringi wa filamu hiyo, anaelewa papo hapo maana yake na kukimbilia nyumbani, na anachokikuta ni moshi, na mbele ya mlango miili iliyoungua ya Owen na Beru waliomlea. Filamu haikutuonyesha askari hata mmoja akifanya kitendo hicho. Wamefika, wameua, wamekwenda zao. Kwa maoni yangu hapo ndipo askari weupe wanapotisha kuliko mahali pengine popote katika filamu hiyo, ingawa hakuna mtu aliyelengwa mbele ya macho yetu, na ingawa Luke mwenyewe hakupata hata mkwaruzo. Amepoteza nyumba, na hana tena pa kurudi.

Mambo yanageuka ndani ya Death Star, kituo kikubwa cha kivita cha Himaya angani. Luke na wenzake Han Solo na Chewbacca wanakwenda kumkomboa Binti Mfalme Leia, na askari hao hao wanafyatua risasi ujia baada ya ujia bila kumpata hata mmoja wao. Ni haki kusema kwamba filamu inatoa sababu. Mara tu baada ya kutoroka, Leia anasema wazi kwamba wameachiwa makusudi, na kwamba ndiyo maana kutoroka kumekuwa rahisi. Wakati huohuo Tarkin, mkuu wa kituo hicho, na Vader wanazungumzia kifaa cha kufuatilia kilichofichwa ndani ya chombo cha watoro. Mpango huo unafanikiwa, kwani kituo kinawafuata hadi kwenye maficho ya waasi. Kimantiki, basi, askari wale walikuwa na sababu ya kutoua. Lakini maelezo hayo yameingia kwa sikio, na hatuoneshwi wakati askari wenyewe wanapopewa amri hiyo, ilhali kwa dakika nyingi jicho limeona risasi zikipita pembeni, mashujaa wakivuka shimo kwa kuning'inia kwenye kamba, na muziki ukishangilia. Sentensi mbili tatu za mazungumzo haziwezi kukifuta kitu hicho. Anayetaka kuwatetea askari hao kwa hoja ana hoja nzuri, ila hofu haijawahi kumwingia mtu kwa hoja.

Kuna jambo la kiufundi linalochangia sana sifa hii mbaya, nami nashangaa kwamba halitajwi mara nyingi. Katika filamu ya vita ya kawaida risasi haionekani. Unasikia mlio, unaona vumbi likitimka au ukuta ukimeguka, na hujui risasi yenyewe ilipita umbali gani na sikio la shujaa. Katika filamu za anga za juu risasi ni mwale wa rangi. Pale studioni Elstree, Uingereza, waigizaji walifyatua baruti tupu, na miale ikachorwa baadaye juu ya picha, mmoja baada ya mwingine. Mwale una pa kuanzia, una njia, una pa kuishia, na mara nyingi unaacha doa jeusi ukutani, sentimita kadhaa kutoka kwenye bega la mtu. Kila kosa limepakwa rangi ili lionekane vizuri. Askari wa filamu ya Vita vya Pili vya Dunia anaweza kukosa mara 50 bila mtu yeyote kuhesabu, lakini askari mweupe akikosa mara 5 ukumbi mzima umekwisha kuhesabu, maana makosa yake yameangazwa kwa wekundu. Wanaomhukumu kwa shabaha wanahukumu, kwa sehemu fulani, kazi ya mchoraji.

Halafu kuna deraya yenyewe. Nchini Marekani filamu ya 1977 ilipewa daraja la PG, yaani watoto waliruhusiwa kuitazama kwa ushauri wa wazazi. Hadithi yake, hata hivyo, inahitaji watu wengi sana wauawe, na wauawe na vijana tunaowapenda. Kofia ngumu iliyofunika uso wote ndiyo iliyolitatua tatizo hilo. Hakuna macho yanayofumba, hakuna damu, hakuna mtu anayemwita mama yake. Tazama kwa makini na utagundua kwamba deraya ile nyeupe haimkingi aliyeivaa na lolote. Kila mwale unaomfikia humwangusha hapo hapo, popote utakapompata. Mwanajeshi wa kweli huvaa deraya ili imlinde yeye. Deraya ya askari mweupe inamlinda mtazamaji asihesabu vifo. Uso uliofichwa hutisha mara ya kwanza unapotokea katika moshi, kwa sababu hujui aliye ndani anafikiri nini, lakini askari wa kumi akishaanguka bila uso, mtazamaji ameacha kujiuliza kama kuna mtu ndani.

Filamu ya The Phantom Menace ya mwaka 1999 iliichukua njia hiyo hadi mwisho wake kwa kuweka roboti mahali pa watu. Roboti hao wembamba wenye sauti za kuchekesha hukatwa vipande kwa upanga wa mwanga bila mtu yeyote kuhuzunika, na wala hawamtishi mtu. Ni jambo la kufundisha kwamba filamu hiyo hiyo, tangu mwanzoni, ililazimika kuleta aina ya pili: roboti wanaobingirika kama magurudumu, wakakunjuka, wakajizungushia ngao na kuanza kumimina risasi. Wapiganaji wawili wa Jedi, ambao sekunde chache zilizopita walikuwa wakiuyeyusha mlango wa chuma bila wasiwasi, wanageuka na kukimbia. Kukimbia kwao ndiko kunakotuambia kwamba roboti hawa si wa mchezo. Hofu iliyotumiwa vibaya kwa askari wa kwanza ikabidi inunuliwe upya kwa askari wa pili.

Wingi nao una hesabu yake, na hesabu hiyo huwaponza waandishi wengi. Mtu hudhani kwamba askari 10 wanatisha mara kumi ya mmoja. Lakini steringi hafi, hilo kila mtu katika banda la video analijua, na kwa hiyo wakimshambulia 10 akapona, kila mmoja wao amepungukiwa thamani. Wakimshambulia 100, hawana thamani yoyote iliyobaki. Mwandishi mwerevu huanza na mmoja. Katika msimu wa pili wa The Mandalorian, mwaka 2020, kuna roboti weusi wa vita waliofungiwa kwenye chumba cha chombo. Mmoja tu anafanikiwa kutoka kabla ya wenzake kutupwa nje angani, na huyo mmoja anambana shujaa wetu ukutani na kumpiga ngumi za kichwa mfululizo, huku silaha moja baada ya nyingine ikishindwa kumdhuru, hadi mkuki wa chuma adimu unapommaliza. Tumeshajua sasa kwamba mmoja ni karibu na kifo. Kisha kikosi kizima kinarudi kikiruka, kinatembea kwa mpangilio, kinaanza kuupiga mlango kwa ngumi, na kila pigo linatikisa watu walio ndani. Hapo wingi unatisha, kwa sababu kila mmoja katika wingi huo ana bei inayojulikana. Luke Skywalker anapofika na kuwafyeka wote peke yake, ukubwa wake tunauona kwa kutumia hofu ambayo roboti yule wa kwanza alituwekea akiba. Denis Villeneuve alifanya jambo la jamaa hiyo katika Dune mwaka 2021, aliposhusha askari wa Sardaukar kutoka angani kimyakimya. Duncan Idaho anawaua kadhaa mlangoni, lakini wanamuua, naye ndiye mtu aliyependwa kuliko wote katika nyumba ya shujaa.

Askari weupe walipoteza heshima yao hasa mwaka 1983, katika Return of the Jedi. Mfalme wa Himaya anatangaza kwa majivuno kwamba katika mwezi wa Endor anangoja jeshi zima la askari wake bora kabisa. Jeshi hilo linashindwa na Ewok, viumbe wafupi wenye manyoya, wanaopigana kwa mawe, mishale, kamba na magogo. Lucas amewahi kueleza hadharani kwamba alikuwa akiifikiria vita ya Vietnam, na jinsi watu wenye silaha duni lakini wanaolijua pori lao wanavyoweza kulishinda jeshi kubwa lenye kiburi. Wazo hilo ni la kweli na la heshima, na wanaolicheka kwa sababu tu Ewok wanafanana na wanasesere hawalitazami vizuri. Kasoro yake iko kwenye bei. Leia anajeruhiwa kwa risasi, na Ewok mmoja anauawa. Mwenzake anamtikisa, anagundua kwamba hatainuka, na anajilaza kando yake akilia. Sekunde hizo chache ndizo pekee ambapo jeshi la Himaya linaonekana kuwa jeshi. Baada ya hapo mchezo unaendelea.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kusita hapo. Mwaka 1905 wapiganaji wa Maji Maji waliamini kwamba dawa ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe ingezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji, na walipolishambulia boma la Mahenge mwishoni mwa Agosti mwaka huo, bunduki za rashasha ziliwafyeka. Ninapoona mashujaa wa Endor wakipita katikati ya miale bila kuguswa, naiona dawa ile ikifanya kazi kwenye kioo, na kuna kitu moyoni mwangu kinachokataa kushangilia. Ushindi wa mnyonge dhidi ya mwenye nguvu unastahili kusimuliwa pamoja na makaburi yake.

Nimesema kwamba hatari hupimwa kwa gharama, na gharama hiyo si lazima iwe kifo cha steringi, kwa kuwa filamu nyingi haziwezi kumudu kumuua. Askari anaweza kuchukua mahali. Mwaka 1980, katika The Empire Strikes Back, askari wa theluji wanaingia katika kambi ya Hoth na waasi wanakimbia wakiacha kila kitu. Hatukumbuki ni nani aliyelengwa au kukoswa, tunakumbuka kwamba kambi imekwisha. Askari anaweza kuchukua muda, au rafiki, au imani ya mtu. Anaweza hata kukuchukua wewe mwenyewe ukiwa bado hai.

Hilo la mwisho ndilo lililowafanya Borg wa Star Trek, viumbe nusu mtu nusu mashine, kuwa, kwa kipindi fulani, askari wa miguu wanaotisha kuliko wote. Walitokea kwenye televisheni mwaka 1989. Hawakimbii. Hawajifichi. Mara nyingi hawana hata haja ya kukufyatulia risasi. Wanatembea polepole kama watu waliochoka, na ukiwapiga, wa kwanza na wa pili wanaanguka, kisha silaha yako inaacha kufanya kazi kwa sababu wote wamekwisha kujifunza kutokana na vifo vya wenzao. Askari wa kawaida anapokufa, adui amepungua. Borg anapokufa, adui ameongezeka maarifa. Tena wakikukamata hawakuui, wanakugeuza kuwa mmoja wao, na mwaka 1990 walimchukua Kapteni Picard mwenyewe, mkuu wa chombo cha mashujaa, wakamtumia dhidi ya watu wake. Ndiyo maana katika filamu ya First Contact ya mwaka 1996 Picard anawaambia mabaharia wake kwamba wakikutana na wenzao waliokwisha kugeuzwa, wasisite kuwafyatulia risasi, kwani watakuwa wanawatendea wema. Amri hiyo moja ina kitisho kuliko mapigano yote ya ujiani yanayofuata, kwa sababu imemwondolea mpiganaji faraja ya barakoa. Aliye nyuma ya chuma kile anaweza kuwa mtu aliyekula naye asubuhi.

Karibu na hilo ni kisa cha askari wanakloni, yaani nakala za mtu mmoja, wa Revenge of the Sith, filamu ya mwaka 2005. Kwa filamu nzima wamekuwa upande wa mashujaa. Kamanda Cody anamrudishia Obi-Wan upanga wake wa mwanga uliokuwa umeanguka, wanaagana kwa utani wa watu waliozoeana vitani, na Obi-Wan anaondoka kwenda kuendelea na mapigano. Kisha Cody anapokea amri kutoka juu, na anawaelekeza vijana wake wamlenge yule aliyemkabidhi silaha muda mfupi tu uliopita. Kwingineko, mpiganaji wa Jedi Ki-Adi-Mundi anaongoza shambulio mbele ya kikosi, anahisi kwamba nyuma yake hatua zimenyamaza, anageuka, na anakuta bunduki zote zinamwangalia yeye. Hawa ni askari wenye barakoa nyeupe kama wale wa 1977, na wamebeba bunduki za namna ile ile. Kilichobadilika ni kwamba sasa wamekaa karibu vya kutosha. Wanaua kwa sababu waliaminiwa, na kila mtazamaji anajua kwamba upanga wa mwanga haukingi mgongo.

Kwa kuwa ujuzi huo wote ulikuwapo, inaniuma zaidi ninapoona kazi njema ikifutwa kwa mzaha. Msimu wa kwanza wa The Mandalorian, mwaka 2019, una mhusika anayeitwa Kuiil, mzee mfupi mwenye busara aliyewahi kuitumikia Himaya kwa kulazimishwa, akaununua uhuru wake kwa kazi ya mikono yake, na kupenda kusema neno lake moja kisha akanyamaza. Karibu na mwisho wa msimu, askari wawili wa pikipiki wanamkimbiza jangwani na kumuua, na kumnyang'anya mtoto aliyekuwa akimkimbiza salama. Sehemu ile inafungwa kwa kutuonyesha mwili wake mchangani. Sehemu inayofuata inafunguliwa na askari hao hao wawili wakisubiri ruhusa ya kuendelea na safari, wanapiga soga, wanajaribu kulipiga lengo dogo lililo mbele yao, na wanalikosa tena na tena. Watu walicheka, kwa sababu ni mzaha unaowakumbatia watazamaji wote waliowahi kuwacheka askari weupe. Mimi nilikuwa bado namlilia Kuiil. Wauaji wake walikuwa wamegeuzwa kuwa wachekeshaji kabla ya mwili wake kupoa, na kifo chake kikaonekana kama bahati mbaya iliyomkuta mbele ya watu wasiojua kazi yao. Mzaha wa namna hiyo unalipwa na mtu aliyekufa katika hadithi, na sidhani kama wenye hadithi waliipiga hesabu hiyo.

The Force Awakens ya mwaka 2015 ilikuwa imejaribu njia ya upande wa pili, ile ya kumrudishia askari mweupe utu wake. Kijijini Jakku, askari anayekufa anamshika mwenzake usoni, na vidole vyake vinaacha michirizi mitatu ya damu kwenye kofia nyeupe. Aliye ndani ya kofia hiyo ni Finn, aliyeigizwa na John Boyega, naye anaogopa, anatweta, anakataa kuwafyatulia wanakijiji. Kwa mara ya kwanza tukajua kwa hakika kwamba ndani kuna mtu. Lakini muda si mrefu Finn anatoroka na kuwamiminia risasi askari wale wale aliokua nao, akishangilia, na filamu haisimami hata pumzi moja kujiuliza ni wangapi kati yao waliogopa kama yeye. Mlango ulifunguliwa nusu, ukafungwa.

Aliyeufungua wote ni Tony Gilroy, katika mfululizo wa Andor ulioanza mwaka 2022, na alifanya hivyo kwa njia ambayo naiona kuwa jibu bora la swali letu. Shujaa wake Cassian, anayeigizwa na Diego Luna, ameshiriki wizi mkubwa wa fedha za mishahara ya Himaya huko Aldhani, akapata fungu lake, na sasa amejificha kwa jina la uongo katika mji wa starehe wa Niamos, kando ya bahari. Asubuhi moja anatoka kwenda dukani. Watu fulani wanapita mbio. Askari wa ufukweni, mwenye deraya na kofia yake, anamsimamisha na kumuuliza maswali, na kila jibu analotoa linageuka kuwa kosa: kwa nini anatazama huku na huku, kwa nini ana wasiwasi, ana uhusiano gani na wale waliokimbia. Askari hainui sauti sana, wala halengi. Roboti mrefu wa usalama anaitwa, anamkaba Cassian shingoni kwa mkono mmoja na kumwinua kutoka ardhini, na shujaa aliyetoka salama katika mapigano ya Aldhani ananing'inia hapo mbele ya wapita njia, mikono yake ikihangaika kwenye chuma.

Kutoka hapo anapelekwa mbele ya hakimu aliyechoka, kwenye foleni ya watu wengine, na anahukumiwa kwenda jela miaka 6. Adhabu zimeongezwa katika Himaya nzima kwa sababu ya wizi wa Aldhani, wizi ambao hakimu hajui kwamba mtu aliye mbele yake alikuwamo. Gereza la Narkina 5 lina maelfu ya wafungwa wanaotembea peku juu ya sakafu ya chuma inayoweza kutiwa umeme wakati wowote, na walinzi wake huvaa viatu vya soli nene. Cassian anapomuuliza mfungwa mwenzake kuna walinzi wangapi katika kila ghorofa, kwa muda mrefu hapati jibu, kwa sababu mtu yule anaogopa hata kuhesabu. Anapolipata, ni kwamba hawajawahi kuzidi 12. Askari wa Himaya wamefikia mahali ambapo hawahitaji shabaha wala wingi, na steringi, ambaye kila mtazamaji anajua kwamba hatakufa hapa, anainama kila siku kwenye meza ya kazi akikaza vipande vya chuma ambavyo hajui ni vya nini.

Mwisho wa msimu, baada ya majina ya waigizaji kupita, kamera inatuonyesha vipande hivyo vikipachikwa na mashine katika kitu kikubwa kinachoelea angani, na inapozidi kurudi nyuma tunakitambua. Ni Death Star, kile kituo chenye zile korido ambamo, mwaka 1977, askari weupe walifyatua miale yao myekundu na kumkosa Luke.